Maji kwanza, mbio baadaye

Tangu nianze kukimbia watu wananiuliza bado nataka kupungua kiasi gani. Kupungua si shida yangu tena, upasuaji wa tumbo niliofanyiwa ili nipunguze uzito unaifanya kazi hiyo. Nakimbia kwa sababu mwili unaopungua kwa kasi hii hauchagui mafuta peke yake, unakula na misuli, na misuli usipoipa kazi na protini inakwenda zake. Nataka kuzeeka nikiwa na miguu yenye nguvu. Halafu, kusema kweli, nimependa tu.

Mimi nilifanyiwa ule upasuaji wa kutengeneza kimfuko kidogo kwenye sehemu ya juu ya tumbo na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba. Mwanzoni kimfuko hicho kinachukua kama mililita 30, yaani vijiko viwili vya chakula. Wenzangu wengi wamefanyiwa ule mwingine, wa kuondoa karibu asilimia 80 ya tumbo na kubakiza mfano wa mrija. Mengi yanafanana. Hilo la vijiko viwili ndilo lililonifundisha kwamba mbio zetu sisi hazianzii miguuni. Zinaanzia kwenye kunywa.

Mtu mwingine anatoka, anakimbia, anarudi na kiu yake, anagugumia nusu lita na maisha yanaendelea. Sisi hatugugumii. Ukiyameza maji kwa pupa yanakwama, kifua kinabana pale kwenye kidari, mate yanajaa mdomoni, na mara nyingi yote yanarudi ulikoyapitishia. Tena hatunywi pamoja na chakula. Ukishakula unasubiri kama nusu saa ndipo uguse maji. Kwa hiyo ukipiga hesabu ya saa za kula na za kusubiri, muda unaobaki wa kunywa si mwingi, na deni la maji la jana haliwezi kulipwa asubuhi kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana mbio zangu za alfajiri huanza jana yake mchana. Chupa iko mezani, funda moja, naendelea na shughuli, funda jingine. Jioni nikiona mkojo una rangi ya chai, kesho sikimbii. Natembea. Nikiinama kufunga kamba za viatu halafu nikasimama kichwa kikazunguka, natembea pia.

Njiani nabeba kichupa kidogo cha kushika mkononi. Kila kipindi cha kutembea nachukua funda moja, nalishikilia mdomoni kidogo, nalimeza, nasikilizia kama limeshuka. Ndipo naanza tena kukimbia.

Vipindi vya kutembea viko vingi, na sivionei haya. Ule mpango maarufu wa wiki 9 wa kumfikisha mtu kilomita 5, aliouandika Mmarekani Josh Clark mwaka 1996, unaanza na sekunde 60 za kukimbia na 90 za kutembea, kwa zamu. Ndio ninaoufuata, ila wiki nairudia kadiri mwili unavyotaka. Kasi yangu ni ya kuweza kuongea sentensi nzima bila kuhema. Kichomi kikinishika ubavuni, napunguza mwendo na kutoa pumzi ndefu mpaka kiachie.

Lakini kabla ya yote hayo kuna ruhusa. Kutembea kunaanza mapema sana, hospitalini wanakuinua kitandani ili damu isigande miguuni. Kukimbia ni jambo jingine. Wengi huruhusiwa mazoezi mazito kuanzia wiki ya 6 au ya 8, wengine baadaye, na mwenye kauli hapo ni daktari wako, si mimi. Muulize pia kuhusu dawa ulizokuwa unameza kabla ya upasuaji. Dawa za presha na za kisukari zilipimwa kwa mwili ule wa zamani. Uzito ukishuka dozi ileile inaweza kuzidi, ukajikuta umekaa pembeni ya njia huoni mbele.

Kuna jambo moja naomba mlishike hata kama mtasahau mengine: dawa za maumivu. Mkimbiaji akiumwa goti, mtu wa kwanza atakayekutana naye atampa diklofenaki au ibuprofeni. Kwa sisi wa kimfuko dawa hizo zinaweza kuleta kidonda pale tumbo lilipounganishwa na utumbo. Nimemwambia kila mtu nyumbani. Mimi natumia paracetamoli, na maumivu yakizidi hapo naenda kupimwa. Na yale maumivu yanayokaa sehemu moja tu ya mfupa wa muundi au unyayo, yakiongezeka kila unapokanyaga, hayo si ya kuvumilia. Baada ya upasuaji huu mwili unafyonza kidogo kalsiamu na virutubisho vingine, na mifupa inapungua uimara, ndiyo maana kalsiamu, vitamini D, B12 na madini chuma tunameza maisha yote. Kuna kipindi pumzi ilikuwa inanikatika mapema, hata ngazi zilinishinda, nikadhani nimechoka tu. Kipimo cha damu kikaonyesha akiba ya madini chuma imekwisha. Ilipopanda, pumzi ikarudi.

Vinywaji vitamu vya wanamichezo na vile vijipakiti vya sukari nzito sivigusi. Sukari ikishuka ghafla kwenye utumbo, moyo unakimbia kuliko miguu, jasho la baridi linatoka, tumbo linasokota na unatamani kulala palepale. Hali hiyo huwapata wenye mrija pia, ila mara chache kuliko sisi. Kwa umbali wangu huu mdogo maji yanatosha. Nikirudi nakaa kidogo, nakunywa taratibu, kisha nakula yai au mtindi. Mtaalamu wangu wa lishe anataka gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, na kwa tumbo hili hiyo ni kazi ya kutwa.

Na ngozi. Hili watu hawaniulizi, nadhani wanaona aibu. Ngozi ya tumbo na ya mapaja imebaki inaning'inia, na nikikimbia inaruka kwa mdundo wake, inavuta, inachubuka. Kila asubuhi napaka mafuta ya mgando kwenye mikunjo yote, nainua ngozi ya tumbo kwa kiganja, nailaza vizuri, kisha navuta suruali ya kubana mpaka juu ya kitovu ili iishike. Inachukua muda, na siharakishi. Nikirudi naosha, nakausha kwa kugusagusa na taulo bila kusugua, naangalia kama kuna wekundu. Ngozi hii ilinibeba miaka yote ile, naitunza kwa heshima.

Sasa nimefika mahali nakimbia dakika tano mfululizo kabla ya kutembea. Mume wangu ananifuata kwa baiskeli, na kengele ya simu ikilia ananinyooshea chupa na kuniambia, "Funda moja, mama, moja tu." Hatua inayofuata ni dakika nane, daktari akishaona majibu ya damu.