Usijikaze kwenye kitanda cha masaji

Hapa Mwanza, mbeba magunia wa soko la Mwaloni, Kirumba, na dereva wa bodaboda wa Buzuruga wote watasema "mgongo unauma", lakini mkono wanaouhitaji si mmoja. Wa kwanza mara nyingi amekaza kati ya shingo na bega. Wa pili amekaza kiunoni na kwenye makalio kwa kukaa mno. Kwa hiyo onyesha kwa kidole panapouma, sema paliuma tangu lini na kama panazidi ukiinama. Maumivu yakishuka mguuni pamoja na ganzi, anzia hospitali.

Mkandaji makini atauliza habari za presha, sukari, ujauzito, upasuaji na dawa. Asipouliza, mwambie mwenyewe. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarin, huvia damu kirahisi hata kwa mkono wa wastani. Kigimbi kimoja kikiwa kimevimba, kina joto na kinauma, hasa baada ya safari ndefu ya basi au kulazwa, hakikandwi kabisa. Huenda kuna damu iliyoganda kwenye mshipa, na bonge hilo likichomoka linaweza kufika kwenye mapafu.

Huku kwetu ziwani kuna jambo la ziada, nalo ni tumbo. Kichocho cha tumbo huvimbisha ini na bandama. Malaria ya kujirudia nayo hukuza bandama, na watoto wenye selimundu wanaweza kuwa nayo kubwa. Bandama iliyovimba inaweza kupasuka ikikandamizwa kwa nguvu. Kama uliwahi kuambiwa unayo, au unahisi uvimbe chini ya mbavu za kushoto, sema tumbo lisiguswe. Ukiwa na homa, ahirisha.

Nguo unavua kiasi unachoridhia. Ya ndani inaweza kubaki. Shuka hufunika mwili wote isipokuwa sehemu inayokandwa. Mkono ukienda usikotaka, "acha" inatosha, na hudaiwi maelezo. Uliza pia mafuta ni ya nini kama karanga au ufuta vinakudhuru.

Sasa suala la nguvu, ambalo wengi huliharibu kwa heshima. Watu wanaamini masaji isiyotoa machozi ni ya bure, basi wanajikaza. Msuli unaoumizwa hujikinga kwa kukaza zaidi. Mkandaji anaongeza nguvu, nao unazidi kukaza, na kesho yake unaamka na alama za bluu. Kwa kipimo cha 1 hadi 10, baki kwenye 5 au 6. Ukijikuta umebana pumzi, umeuma meno au umekunja vidole vya miguu, umeshapita. Sema "punguza", au "hapo hapo, taratibu". Ukihisi kama shoti ya umeme au ganzi, usingoje amalize: huenda mshipa wa fahamu unabanwa.

Ndani ya dakika 60 mwili mzima hupata kidogo kidogo. Kama tatizo ni bega, omba dakika 30 ziende hapo na jirani zake, shingo na mgongo wa juu, miguu isubiri.

Ukimaliza, kaa ukingoni dakika moja au mbili kabla ya kusimama, hasa kama unameza dawa za presha, maana kizunguzungu huja hapo. Maji kunywa ukiwa na kiu. Masaji haitoi "sumu" mwilini, hata bango la dukani liseme nini. Misuli kuuma siku moja au mbili ni kawaida. Ikipita siku tatu, au pakavimba, nenda ukapimwe kabla ya kukandwa tena.