Siku moja maishani mwangu: msaidizi wa daktari wa meno

Jumanne, saa 1:00 asubuhi, nilikuwa nimekwisha kufungua kliniki yetu ndogo hapa Tanga. Kabla ya kupokea mgonjwa yeyote, nilipangusa mpira wa mlango wa otoklevu, mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke, nikaijaza maji yasiyo na chumvichumvi, kwa maana maji ya bomba huacha ukoko unaoziba mirija, kisha nikaiwasha.

Saa 2:30 mgonjwa wa kwanza aling'olewa gego. Koleo lilinifikia likiwa na damu mbichi, nami sikuliacha likae, kwa sababu damu ikikauka huwa kama ganda linalokinga vijidudu dhidi ya mvuke, na virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kudumu siku 7 au zaidi nje ya mwili. Nikiwa nimevaa glovu nene, aproni, barakoa na miwani, nililizamisha majini na kulisugua humo humo ili matone yasiruke, nikalipanua na kupitisha brashi kwenye bawaba, ambako uchafu hupenda kujificha. Drili niliipitishia maji na hewa kwa sekunde 30, nikaisafisha na kuitia mafuta. Wapo wanaoamini kwamba kuipangusa kwa spiriti kunatosha; hakutoshi hata kidogo, kwani drili hunyonya mate na damu hadi ndani.

Saa 4:00 nilifunga vifaa vikavu kwenye pakiti na kuvisimamisha kwa ubavu, bila kuvirundika, ili mvuke upite. Mashine yetu hutakasa kwa nyuzi 134 za Selsiasi kwa dakika 4, na dakika hizo huanza kuhesabiwa pale tu joto hilo linapofikiwa.

Zilikuwa zimebaki dakika 2 umeme ulipokatika. Nilipofungua mlango baadaye, mistari ya mkanda unaobadilika rangi kwa joto kwenye pakiti ilikuwa imeshageuka nyeusi, na daktari, aliyekuwa na bibi mmoja kitini, akauliza kama koleo liko tayari. Nilimjibu, "Bado, daktari. Mkanda umeonja joto, lakini muda haukutimia." Alikubali. Pakiti zilikuwa zimelowa, nazo pakiti mbichi hupitisha vijidudu, hivyo nilifunga vyote upya na kuanza mwanzo kwa jenereta.

Nilikwenda kumwomba radhi yule bibi. "Shikamoo, bibi. Tutakuchelewesha kidogo."

"Marahaba, mwanangu. Hilo koleo limetoka kinywani mwa nani?"

Nilimweleza hatua zote, nikamwahidi kwamba pakiti ingefunguliwa mbele ya macho yake, na ndivyo ilivyofanyika. Naona kila mgonjwa anastahili kuuliza swali lile.

Alasiri ilikuwa ya meno ya kuziba, kazi ile ile ya brashi na pakiti.

Saa 9:30 nilifanya kipimo cha kila wiki: kichupa chenye mbegu za bakteria wagumu kuuawa kwa mvuke nilikiweka katikati ya mzigo, kisha nikakiatamisha kwenye joto pamoja na kingine ambacho hakikupita mashinoni. Cha kwanza hakipaswi kugeuka rangi, maana mbegu zake zimekufa; hicho cha pili, chenye mbegu hai, lazima kigeuke. Kisipogeuka, kipimo chenyewe hakiaminiki.

Saa 11:00 jioni niliandika kwenye daftari namba ya kila mzunguko, na mbele ya ule wa tatu nikaandika: "Umeme ulikatika. Vifaa havikutumika. Umerudiwa."