Jinsi nilivyoacha kumkimbilia Kidoti

Kidoti, mbwa wangu, ana uzito wa kilo 4 na robo, na alikuwa na umri wa miezi saba jioni ile alipookota kitu cha kijivu chini ya kitanda changu na kukimeza mbele ya macho yangu. Niliita jina lake kwa sauti kubwa, nikamrukia, nikamshika taya, na nilipofaulu kuufungua mdomo wake sikuona chochote ila ulimi na meno yake mapya. Haikuwa mara ya kwanza. Kabla ya siku hiyo nilikwisha kuona katika kinyesi chake kokoto mbili, kipande cha raba ya kufutia penseli na kona ya mfuko wa plastiki, lakini vitu hivyo vyote nilivijua vikiwa vimekwisha kutoka, na hofu yangu ilinijia baada ya hatari kupita. Safari hii kitu kilikuwa bado kimo ndani yake, nami sikujua ni nini.

Kosa langu kubwa la jioni ile, ambalo nalitaja mapema ili mwenye mbwa mdogo asilirudie, ni kwamba nilipoteza saa mbili na nusu kabla ya kumpigia simu daktari wa wanyama. Nilizimaliza kwa kumtazama, kumpapasa tumbo, na kuwauliza ndugu na marafiki wanaofuga, ambao kila mmoja alikuwa na lake la kusema. Mmoja alinishauri nimnyweshe maji ya chumvi ili atapike. Mwingine akasema mafuta ya kupikia yatakitelezesha kitu hicho hadi kitoke. Namshukuru Mungu kwamba sikuthubutu. Daktari alipopokea simu alinieleza kuwa chumvi nyingi ni sumu kwa mbwa, na kwamba mbwa wa kilo nne hudhurika kwa kiasi kidogo sana. Mafuta nayo, yakimiminwa mdomoni kwa nguvu, huweza kupotea njia na kuingia mapafuni. Kutapisha, alisema, ni kazi ya daktari, na hufaa zaidi katika saa mbili za mwanzo, kitu kikiwa bado kimo katika mfuko wa chakula. Hata ndani ya saa hizo haifanyiki ikiwa kilichomezwa chaweza kuwa na ncha au kemikali ya kuunguza, kwa sababu kikirudi juu kitalijeruhi koo kwa mara ya pili. Nilikuwa nimempigia saa tatu na nusu usiku, na Kidoti alikimeza kitu kile saa moja.

Aliniuliza maswali ambayo leo naweza kuyajibu usingizini. Kitu kilikuwa na ukubwa gani? Ni chuma, mpira, au kitambaa? Je, anakohoa, anakwaruza mdomo kwa mguu, anatokwa na udenda, amejaribu kutapika? Kwa yale yaliyomhusu Kidoti mwenyewe nilijibu kwamba hana dalili yoyote, tena alikuwa ameketi miguuni pangu akinitazama kana kwamba hakuna lililotokea. Kwa yale yaliyokihusu kitu nilijibu, "Daktari, sijui." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi, dada, kama hukijui kilichoingia, kahesabu vilivyobaki."

Alinitajia vitu ambavyo, ikiwa hata kimoja kimekosekana, nisingoje asubuhi. Cha kwanza ni betri ndogo ya duara, kama ile ya saa au ya rimoti, ambayo ikikwama mahali penye unyevu hutoa umeme unaounguza nyama, na madhara yanaweza kuanza kabla saa moja haijaisha. Cha pili ni sumaku, hasa zikiwa mbili au zaidi, kwa kuwa huvutana zikiwa katika mikunjo tofauti ya utumbo na kuubana ukuta wa utumbo katikati hadi utoboke. Cha tatu ni sindano ya kushonea pamoja na uzi wake. Kisha akaongeza vitu visivyokwama bali vyenye sumu: dawa zangu za vidonge, zabibu kavu, chokoleti, na bazoka isiyo na sukari, kwa sababu aina nyingi za bazoka hizo hutiwa zailitoli, kitia-utamu kinachotumika badala ya sukari, ambayo huweza kushusha sukari ya damu ya mbwa katika muda wa nusu saa hadi saa moja.

Nilitandika shuka jeupe sakafuni, nikaanza. Nilifungua rimoti, mizani ya jikoni, kipima joto na saa mbili za mkononi, nikaiweka kila betri mbele ya kifaa chake. Nilimwaga kopo la vifaa vya kushonea na kuhesabu sindano, ambazo kwa bahati zilikuwa bado zimechomekwa kwenye karatasi yake yenye matundu kumi: tisa zilikuwepo, na ya kumi niliikuta kwenye kola ya gauni nililokuwa nikilipunguza. Nilivua sumaku zote za mlango wa friji. Kazi hiyo ilinichukua hadi saa sita usiku, na Kidoti alilala ukingoni mwa shuka lile, pua yake ikielekea kwenye betri, hadi nilipombeba na kumfungia chumbani. Hakuna kilichokosekana. Sikupata jibu la swali langu, lakini nilijua kwamba kilichokuwa tumboni mwake si kimojawapo cha vile ambavyo vingemuua kabla ya mapambazuko, na kwa ajili hiyo niliweza kulala kwa muda wa saa tatu.

Asubuhi daktari alimkagua chini ya ulimi, mahali ambapo uzi hupenda kunasa, akambonyeza tumbo kwa vidole viwili taratibu, kisha akampiga picha mbili za eksirei, moja akiwa ubavu na nyingine akiwa chali. Picha zilikuwa safi. Nilianza kufurahi, naye akanizuia. Alinifahamisha kwamba eksirei huonyesha vizuri chuma, mawe na mifupa, ilhali kitambaa, mbao na plastiki nyingi hupita bila kuonekana, na daktari hulazimika kubashiri kwa kutazama namna hewa ilivyojikusanya katika utumbo. Kama dalili zingejitokeza angempima kwa ultrasaundi, na kama kitu kingekwama, njia zilizobaki zingekuwa mpira wenye kamera unaopitishwa kooni, au upasuaji chini ya nusu kaputi. Kwa sasa, tungoje.

Kungoja huko ndiko kulikokuwa kugumu kuliko yote. Mbwa mdogo ana utumbo mwembamba kweli kweli, na kitu ambacho mbwa mkubwa angekitoa bila mwenyewe kujua huweza kumkwama yeye. Nilinunua daftari na kulichora mistari. Kila baada ya saa nne niliandika: amekula, amekunywa, ametapika au la, amepata choo au la, na rangi ya fizi. Daktari alinifundisha kuibonyeza fizi kwa kidole hadi iwe nyeupe, kisha kuachia na kuhesabu. Rangi inapaswa kurejea kabla ya sekunde mbili kutimia, na fizi yenyewe iwe na unyevu, isinate kidoleni. Alinieleza pia nisiyopaswa kuyangoja hata kidogo: kutapika mara kwa mara, hasa kutapika hata maji, kukataa chakula, kujikamua bila kutoa kitu, kulegea, na ule mkao ambao mbwa huinamisha kifua chini na kuacha makalio juu, mithili ya mtu anayesujudu, ambao mara nyingi ni ishara ya maumivu ya tumbo. Hofu yangu haikuondoka, lakini ilipata mahali pa kukaa. Badala ya kumtazama Kidoti mchana kutwa na kuona ugonjwa katika kila miayo, nilikuwa na saa za kumchunguza na mambo ya kuchunguza, na kati ya saa hizo nilijilazimisha kumwacha alale.

Siku ya tatu, alipokuwa akijisaidia, niliona uzi wa kijivu ukining'inia nyuma yake, urefu wake kama kidole changu cha kati. Mkono wangu ulikwisha kuunyookea. Kama daktari asingekuwa amenionya juu ya jambo hilo, hakika ningeuvuta, na naamini wengi wetu tungeuvuta kwa nia njema kabisa. Uzi unapokuwa umenasa mahali fulani huko juu, utumbo huendelea kusukuma na kujikusanya juu yake, kama kiuno cha suruali kinavyokunjamana juu ya kamba yake, na anayeuvuta kutoka nje huugeuza uzi huo kuwa msumeno. Nilirudisha mkono, nikampigia simu daktari, naye akaniambia niuache kama ulivyo, nimzuie Kidoti asijilambe, na nimlete. Tulipofika kwake uzi ulikuwa umerefuka kwa nusu kidole, dalili kwamba haukunasa. Kitu chote kilitoka humo humo kliniki, baada ya chini ya saa moja: kisigino cha soksi yangu, kipande kisichozidi kidole gumba, pamoja na nyuzi zake zilizofumuka. Nililia mbele ya daktari na msaidizi wake, na sikuona haya.

Kabla hatujaondoka daktari aliniuliza swali moja ambalo lilibadilisha maisha yetu kuliko eksirei. "Anapookota kitu, wewe unafanya nini?"

"Namkimbilia nimnyang'anye."

"Na yeye anafanya nini?"

Nilifungua mdomo kumjibu, kisha nikaelewa. Kidoti alipokuwa mdogo wa miezi mitatu, meno ya utoto yakianza kumng'oka, alikuwa akivitafuna vitu, anavigeuza, anavitema, anavirudia. Hakuwa akivimeza. Alianza kumeza baada ya mimi kuanza kumrukia, kumbana taya na kumtia kidole kooni, kwa maana alijifunza kwamba kila kitu kinachoingia mdomoni mwake kitaporwa ndani ya sekunde chache, na kwamba njia pekee ya kubaki nacho ni kukimeza haraka. Nilikuwa nimemfundisha kwa mikono yangu mwenyewe, kila siku, kwa miezi minne, na ni upendo ulionisukuma kufanya hivyo. Jambo hili liliniuma, na bado linaniuma ninapoliandika.

Tulianza upya kwa kubadilishana. Nilimpa kitu asichokijali sana, mdoli wake mkubwa wa kamba, kisha nikamsogezea puani kipande kidogo cha nyama iliyochemshwa. Alipouachia mdoli nilisema "Toa," nikampa nyama, halafu, na hapa ndipo penye siri yote, nikamrudishia mdoli wake. Mara tano asubuhi, mara tano jioni, bila kuongeza. Baada ya wiki mbili neno lilitangulia nyama. Baada ya wiki nne nilihamia kwenye vitu alivyovipenda zaidi, na sambamba na hayo nikamfundisha "Acha" kwa kitu kilicho bado sakafuni. Nidhamu kubwa zaidi ilitakiwa kwangu mimi: kutoinuka, kutopaza sauti, kutomkazia macho. Wiki ya sita aliingia sebuleni na kizibo cha chupa. Niliketi chini sakafuni pale pale nilipokuwa, nikamgeuzia ubavu, nikaweka kipande cha nyama juu ya goti, nikasema "Toa" kwa sauti niliyoitumia kila siku, ingawa moyo ulikuwa ukinidunda hadi masikioni. Alisimama. Nilisikia kizibo kikigonga meno yake mara mbili. Kisha akaja na kukiangusha kwenye mkunjo wa gauni langu, kikiwa kimelowa mate na chenye alama ya jino pembeni.

Hayo hayakufanya kazi peke yake. Daktari alimpima damu na choo ili kuona kama ana minyoo au upungufu wa damu, kwa kuwa mbwa mwenye matatizo hayo huweza kula visivyo chakula, lakini Kidoti hakuwa nayo. Chakula chake nikakigawa mara tatu badala ya mbili. Nilijilaza kifudifudi katika kila chumba na kutazama nyumba kutoka kimo cha Kidoti, na yale niliyoyaona chini ya makabati yalinitisha; tangu hapo sakafu hufagiliwa asubuhi na kabla ya kulala, na soksi hazikai nje ya kikapu chenye kifuniko.

Nje ya nyumba bado sijafika ninapotaka. Gizani hunusa na kuokota kabla sijaona, kwa hiyo matembezi ya jioni huyafanya akiwa amevaa kikapu cha mdomoni, kile chenye nafasi ya kutosha kuhema kwa mdomo wazi na kunywa maji, ambacho nilimzoesha kwa siku kumi kwa kumwekea chakula ndani yake bila kukifunga. Daftari lipo juu ya friji. Dada yangu anapomchukua Kidoti kwa siku moja au mbili, huondoka nalo, pamoja na namba ya daktari kwenye jalada na sentensi moja niliyoiandika kwa kalamu nyekundu: akiokota kitu, kaa chini, usimkimbilie.