Jinsi nilivyoipata "Manhatta" ya 1921 mtandaoni

Kinachokwamisha ni herufi moja. Jina la filamu halina "n" mwishoni, kwa hiyo mtambo wa kutafuta unalisahihisha wenyewe na kuleta "Manhattan", filamu ya 1979. Dawa ni kuandika "Manhatta" ndani ya alama za kunukuu, kisha kuongeza 1921 na majina ya watengenezaji, Sheeler na Strand. Ikigoma, jaribu jina ililoonyeshwa nalo mwanzoni: New York the Magnificent.

Usipoteze muda kwenye huduma za kulipia. Filamu ya umri huu haina tena hakimiliki Marekani, hivyo anza na Internet Archive au Wikimedia Commons, maktaba za bure za mtandaoni. Hakuna kujisajili, na bando likiwa dogo pakua faili la video uitazame baadaye.

Nakala hazilingani. Filamu ni bubu, ya dakika 10 hivi, kwa hiyo muziki wowote utakaousikia umebandikwa baadaye, na muziki huo unaweza kuwa na mwenyewe. Ndiyo maana video nyingine hufungwa katika baadhi ya nchi. Tafuta isiyo na sauti.

Angalia pia abiria wanaoshuka kwenye kivuko mwanzoni. Wakitembea kama wanakimbizwa, nakala imechezeshwa kwa fremu (picha moja moja za filamu) 24 kwa sekunde badala ya 18 hivi. Shusha kasi ya kichezeshi hadi 0.75. Hapo moshi juu ya maghorofa ya New York unapanda taratibu, na unapendeza mno.