Pauni 148 kwa Wiki: Nilivyostaafu Uingereza Nikaja Kuishi Tudor

Pensheni yangu ni pauni 148 kwa wiki, na nikiendelea kuishi hapa haitapanda hata senti mpaka nife. Naanza na hilo kwa sababu watu wa kwetu walioko Uingereza hunipigia simu kuuliza kama pensheni ya serikali peke yake inatosha kuishi Mombasa, na wengi hawajui kwamba ukihamia Kenya pensheni hiyo hugandishwa. Kila Aprili wazee walioko kule huongezewa. Aliyehamia Marekani, Uturuki, Ufilipino au Jamaika naye huongezewa, kwa kuwa nchi hizo zina makubaliano na Uingereza. Kenya haimo. Kiwango ulichoondoka nacho ndicho utakachobaki nacho.

Mimi nimeishi nacho hapa Tudor, Mombasa, tangu 2022 na sijamkopa mtu. Yatosha, lakini kwa mpango, na mpango wenyewe ulianza kabla sijafunga mizigo.

Nilizaliwa Kibokoni mwaka 1955. Leicester nilikwenda kijana, nikafanya kazi katika nyumba za wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza vitandani usiku wasipate vidonda. Waajiri wangu hawakuwa na pensheni ya kampuni, na kuna miaka nilirudi Mombasa kumuuguza mama, hapo sikuchangia kitu. Pensheni kamili ya Uingereza, ile mpya iliyoanza 2016, yataka miaka 35 ya michango ya bima ya taifa, ile inayokatwa kwenye mshahara. Chini ya miaka 10 hupati chochote. Mimi nilikuwa na 25.

Miaka iliyopungua inaweza kununuliwa. Wakati huo mwaka mmoja ulikuwa karibu pauni 800. Nilipiga simu kwanza kabla ya kulipa, maana si kila mwaka unaonunua huongeza kitu, na mtu aweza kumwaga pesa bure. Wakanitajia miaka itakayonifaa. Hesabu yake ni rahisi: pensheni kamili ya 2022 ilikuwa pauni 185.15 kwa wiki, ukiigawa kwa 35 ni pauni 5.29, yaani kama pauni 275 kwa mwaka. Basi pauni 800 hurudi ndani ya miaka mitatu, na baada ya hapo ni faida tupu kwa umri uliobaki. Sijaona biashara yoyote Pwani hii inayorudisha mtaji hivyo bila mtu kukosa usingizi. Nilinunua mitatu, ikawa 28. Ningekuwa na pesa zaidi ningenunua yote.

Umri wa kustaafu, miaka 66, niliufikia 2021, lakini sikuondoka. Nilingoja Aprili ya 2022 pensheni ipande asilimia 3.1, kisha nikakata tiketi ya Mei. Mwaka uliofuata ikapanda asilimia 10.1 na hiyo ilinipita. Aprili 2025 kamili ilifika pauni 230.25, kwa hiyo mwenzangu mwenye miaka 28 kama mimi aliyebaki Leicester akawa anapata 184. Kuna wanaoniambia nende kutembea, kwa sababu ukiwa kule kwa ziara waweza kudai kiwango cha sasa kwa siku ulizokaa. Ni kweli. Lakini tofauti mwaka huo ilikuwa kama pauni 36 kwa wiki; kwa wiki nne ni 144, na hiyo hata nusu ya tiketi haifiki. Wenye wajukuu kule waende kwa ajili ya wajukuu.

La uraia nalitaja kwa ufupi. Nilipochukua pasipoti ya Uingereza miaka ya tisini nilipoteza uraia wa Kenya, ndivyo sheria ilivyokuwa. Katiba ya 2010 ilifungua mlango: aliyekuwa raia kwa kuzaliwa anaweza kuurudisha akabaki na zote mbili. Nilifanya hivyo kabla ya kuhama, nikapata kitambulisho, na kitambulisho kimenifungulia mengine yote, kuanzia laini ya simu hadi akaunti ya benki. Rafiki yangu Mwingereza niliyefanya naye kazi alitamani kunifuata. Asiye raia anayetaka kustaafu Kenya huomba kibali cha daraja K, nacho chataka mapato ya uhakika ya angalau dola 24,000 kwa mwaka. Pensheni ya serikali, hata iwe kamili, haifiki huko. Amebaki kule na mvua yake.

Sasa pesa zenyewe, maana hapa ndipo wengi huvunjika. Pensheni huingia kila baada ya wiki nne, si kila mwezi. Kwangu ni pauni 592 na ushei. Mwanzo nilitaka ziingie benki ya kule niwe nazivuta mwenyewe bei ya pauni ikiwa nzuri, lakini benki yangu ilifunga akaunti za wateja waishio nje, basi sasa zinakuja moja kwa moja Mombasa zikiwa zimeshageuzwa shilingi, kwa bei ya siku hiyo, ipende isipende.

Bei hiyo nimeiona ikicheza. Septemba 2022, sijazoea hata joto, pauni iliporomoka huko Uingereza kwa vurugu za bajeti yao na hapa ikawa kama shilingi 130. Januari 2024 ilikuwa zaidi ya shilingi 200. Watu wa pensheni tukavimba vichwa. Kisha Februari serikali ya Kenya ikapata mkopo mpya wa kulipia deni la Yurobondi, yaani pesa ilizokopa kwa dola kwa wawekezaji wa nje, lililokuwa likiiva Juni, shilingi ikapata nguvu, na kufikia mwisho wa Machi pauni ilikuwa chini ya 170. Nchi nzima ilishangilia. Mimi malipo yangu yalipungua zaidi ya elfu 20, na sukari ya dukani sikuona ikishuka kiasi hicho.

Hayakunitikisa kwa sababu nilishaamua, tangu Septemba ile, kwamba pauni kwangu ni shilingi 130. Ikija kwa 150, kwangu ni 130. Ikija kwa 200, ni 130. Yaani maisha yangu yote, kodi, chakula, stima, maji, dawa, jamaa, yamekatwa ndani ya shilingi 77,000. Kinachozidi hakipiti mkononi. Siku hiyo hiyo nakihamishia akaunti nyingine ambayo kadi yake nimempa dadangu anitunzie. Ile miezi ya shilingi 200 ndiyo iliyonilipia jino, friji na ukarabati wa kaburi la wazazi wangu. Na kwa kuwa mwaka una wiki 52, malipo ni 13 huku kodi ni 12. Yale malipo ya kumi na tatu sijayazoea kama pesa ya kula. Hayo ni ya bima ya afya na pasipoti na mambo yanayokuja mara moja kwa mwaka.

Nyumba. Kila mtu aliniambia jenga. Ukirudi kutoka Ulaya bila kujenga watu hukuangalia kana kwamba ulifukuzwa. Nilikuwa na akiba kidogo ya maisha yote ya zamu za usiku, nikapelekwa kuangalia viwanja Mtwapa na Kikambala, na njiani nikahesabu magofu ya wenzangu: nyumba zimefika lenta, nondo zimeota kutu, mwenyewe bado yuko London anatuma pesa za saruji. Nikarudi mjini nikapanga. Akiba yangu iko benki, na nikiugua kesho naweza kuitoa. Nyumba hailiwi. Najua wengi hawatakubaliana nami, na mwenye watoto wa kurithi ana hesabu nyingine.

Kupanga nako kuna ujuzi wake. Dalali alinionyesha nyumba asubuhi, saa ambayo nyumba yoyote Mombasa ni nzuri. Nilirudi peke yangu alasiri moja, upepo umekufa, jua limeegemea ukuta, nikaomba kukaa kidogo ndani. Moja nilitoka mara moja, kama tanuri. Hii ninayokaa dirisha la sebule latazama mkono wa bahari wa Tudor na upepo unapita mpaka jikoni, kwa hiyo panka moja yanitosha na sijawahi kufikiria eyakondishani, ambayo ndiyo hula tokeni za stima za watu. Iko ghorofa ya kwanza. Magoti yangu yalibaki Leicester.

Halafu maji. Nilifungua bomba la jikoni nikayaonja: chumvi, ya kisima. Nikamuuliza mpangaji wa chini, si dalali, maji matamu hutoka lini. Akaniambia, "Hutoka yakitaka, mamangu." Basi nikajua nitanunua. Kijana wa mkokoteni hunipandishia mitungi ya lita ishirini. Ya chumvi nafulia na kuogea, ya tamu napikia. Niliingiza gharama hiyo kwenye daftari kabla sijasaini mkataba, na mwenye nyumba alipotaka 32,000 nilimwonyesha hesabu ya maji tukashuka hadi 28,000.

Daftari hilo limenisaidia zaidi kwa jamaa. Mtoto wa kakangu alikuja jioni moja, akasalimu, akakaa, akanywa chai, akauliza afya yangu kwa urefu mpaka nikajua kuna jambo.

"Shangazi, wewe wapokea pauni," akasema. "Laki mbili na nusu tu. Tuktuk itajilipa yenyewe."

Sikumwambia sina. Ukisema huna, mtu wa kwetu husikia hutaki. Nilimpa daftari asome mwenyewe, kutoka pesa iliyoingia mpaka shilingi ya mwisho. Akasoma kimya, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Alipofika kwenye mitungi akacheka. "Hata maji umeyaandika?"

"Hasa maji."

Akakuta mstari wa jamaa: shilingi 6,000 kila malipo, na majina ya waliokwisha kupewa wiki ile, akiwemo mamake. Alirudisha daftari kwa mikono miwili. Habari zilizunguka ukoo mzima kabla ya isha, na hilo ndilo nililolitaka. Tangu hapo hakuna aliyenijia na laki. Huja na karo, dawa, sanda, na fungu likiwa limeisha naonyesha limeisha.

Kuhusu afya, NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, hufuata makazi, si pasipoti, kwa hiyo nilipohama niliiacha. Nilijiandikisha bima ya afya ya taifa ya hapa, NHIF, na ilipogeuzwa kuwa SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii) mnamo Oktoba 2024 nikajiandikisha upya. Sisi tusioajiriwa huulizwa maswali kuhusu nyumba na mali, ndipo tukapangiwa cha kulipa, na tunalipa mwaka mzima kwa mkupuo. Dawa za presha nanunua mwenyewe, za bei ya chini zisizo na jina kubwa; daktari ndiye aliyenibadilishia, nami nilimwomba wazi. Kwa jambo zito naitegemea ile akiba ambayo haikujengewa nyumba.

Kitu kimoja cha ofisini msikipuuze: cheti cha uhai. Kila baada ya muda Uingereza hutuma fomu kwa posta kutaka uthibitisho kwamba bado uko hai. Unatia saini mbele ya shahidi asiye jamaa yako, kama wakili au daktari, naye anatia yake, kisha unairudisha. Isiporudi kwa wakati pensheni husimamishwa. Barua za nje hapa hazina mbio, kwa hiyo natumia sanduku la posta la ofisi ya wakili wangu, si la jirani, na fomu ikifika yeye mwenyewe ni shahidi. Inatoka siku ile ile, kwa huduma ya kusafirisha barua inayonipa risiti. Nikihamia nyumba nyingine au kubadilisha benki huwapigia simu Newcastle kwenye kituo chao cha pensheni za nje. Wao wako nyuma yetu saa mbili wakati wa kiangazi chao na tatu wakati wa baridi, basi nangoja wafungue, kisha napiga mapema foleni haijawa ndefu.

Mwaka huu mwenye nyumba alikuja kuongeza kodi. Alitaka 35,000. "Mama, wewe walipwa pauni," naye akasema, neno lile lile la tuktuk. Nikamtolea barua ya pensheni ya 2022 na ya mwaka huu nikaziweka mezani pamoja, namba moja kwenye zote mbili. Alizitazama, akauliza kama ni makosa. Nikamweleza kugandishwa ni nini. Tumekubaliana 30,000 kwa miaka miwili, kwa maandishi, na tangi jipya la maji juu ya paa kwa gharama yake.