Ufunguo wa Friji

Daktari mmoja wa mwaka wa pili wa ubingwa, anayehamishiwa kituo kingine cha mafunzo wiki ijayo, ameniuliza asubuhi hii abebe nini. Nilianza kumtajia stethoskopu na daftari la mafunzo, nikanyamaza. Kufuli ile ilinirudia machoni.

Miezi 18 katika hospitali kuu ilinizoesha kunyoosha mkono na kitu kikawekwa kiganjani. Hospitali ndogo tuliyopangiwa nilifika jioni, nikaonyeshwa leba, nikaingia zamu. Mzazi wa pili usiku ule alichomwa oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, yuniti 10 pajani, kondo likatoka zima. Dakika chache baadaye shuka ilikuwa imelowa damu.

Nikaweka kiganja kwenye kitovu. Mji wa mimba uliojikaza huhisiwa mgumu kama msuli uliokazwa. Huu ulikuwa laini hata ukingo wake sikuupata. Nikausugua, tukapitisha mpira wa mkojo, kwa kuwa kibofu kilichojaa huuzuia kusinyaa.

“Sista, oksitosini nyingine!”

“Imo kwenye friji, Daktari. Friji imefungwa, na ufunguo anao mtu wa famasi.”

Ile ampuli ya kwanza, nilikuja kuambiwa, ilikaa kwenye trei tangu mchana kwa sababu ya kufuli hiyohiyo. Oksitosini hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Ikikaa kwenye joto hupungua nguvu, na kwa macho huwezi kujua.

Mhudumu akatoka mbio. Mimi nikaingiza mkono wa kulia, nikakunja ngumi mbele ya mlango wa kizazi, na wa kushoto ukaukandamiza mji wa mimba kutoka juu ya tumbo mpaka nikauhisi umebanwa katikati.

“Mama, nakuumiza, nivumilie.”

“Mtoto yuko wapi?” akauliza.

Damu ilipungua. Mkono huanza kufa ganzi mapema kuliko unavyodhani, na kila nilipolegeza nilisikia uvuguvugu ukiteremka hadi kwenye kiwiko. Mkunga, bila kuagizwa, akamwekea chini ya ulimi misoprostoli, vidonge 4 vya mikrogramu 200. Dawa hiyo nayo hukaza mji wa mimba, na haihitaji friji. Kisha asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, gramu 1 kwenye mshipa, polepole, kwa dakika 10. Bado nikiwa nimebana, nikasikia funguo zikigongana koridoni.

Yuniti 20 kwenye dripu ya lita moja, na mji wa mimba ukakaza chini ya kiganja changu. Mama alirudi nyumbani na mtoto wake.

Kwenye daftari tukio lile lina mstari mmoja: kuvuja damu baada ya kujifungua, chini ya usimamizi. Msimamizi alikuwa kwenye simu. Nilijifunza mengi pale, lakini nikikumbuka ni nani alikuwa amelala kitandani nikijifunza, sipati raha.

Nimemwambia kijana afike mchana, kabla ya zamu, afungue kila kabati kwa mkono wake: friji ya oksitosini na mwenye ufunguo, vidonge vya misoprostoli, silinda ya oksijeni na spana yake, damu inakotoka na nani huifuata usiku. Ameandika yote.

“Na bingwa,” akauliza, “atakuwepo, au kwa simu?”

Sijamjibu.