Kumbukumbu ya mradi: shado (kupiga makonde hewani bila mpinzani) ya wiki sita kwa anayeanza masumbwi

Vifaa: uwanja wa mita mbili kwa mbili, mkanda wa gundi, kamba ya mita tatu, simu yenye kamera na saa ya raundi. Lengo: mwisho wa wiki ya sita anayeanza apige raundi 3 za dakika 3, akipumzika dakika 1 katikati, gadi (mikono inayolinda uso) isishuke na miguu isikatane. Nguvu haimo kwenye lengo. Shado haina cha kugonga, kwa hiyo inachofundisha hasa ni mkono unavyorudi na miguu inavyobaki chini ya mwili. Anayetaka uzito wa konde akapige begi la mazoezi ya ngumi.

Maelezo yote ni ya anayetumia mkono wa kulia. Mashoto ageuze.

Wiki ya 1: miguu peke yake. Imekamilika.

Bandika mkanda sakafuni, mstari mmoja ulionyooka kwenda mbele. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kiguse mkanda kikiwa upande wa kushoto. Kisigino cha mguu wa kulia kiuguse kikiwa upande wa kulia. Kati ya mguu na mguu ni upana wa mabega au zaidi kidogo. Vidole vya miguu yote miwili vielekee kulia, wa nyuma hadi nyuzi 45 hivi. Kisigino cha nyuma kiinuke kiasi cha kidole kupita chini yake, magoti yalegee.

Miguu yote ikiwa juu ya mkanda, kisukumo kidogo cha ubavuni kinamyumbisha mtu. Ikiwa sambamba, kifua kiko wazi na kisukumo cha mbele kinamwangusha kinyumenyume.

Kutembea kuna kanuni moja: mguu ulio upande wa unakokwenda ndio unaotangulia, na wa pili unafuata kwa umbali uleule. Hatua ni sentimita 15 hadi 20, basi. Kinachoharibika ni mguu wa pili kuvutwa kupita kiasi, miguu ikakaribiana bila mwenyewe kujua. Dawa yake ni kusimama ghafla kila baada ya hatua tano na kutazama mkanda. Raundi 3 za dakika 2, mikono mashavuni, hakuna konde hata moja. Wanaoiruka wiki hii ndio utakaowaona baadaye wakipiga huku mguu wa nyuma unaning'inia.

Kuhusu sakafu: saruji laini au mbao ni sawa. Mchanga wa ufukweni unapendeza kwenye picha na ni mzuri kwa kukimbia, ila shado yenye makonde yanayozungushwa kwa nyonga haifai pale. Wayo unanasa, mwili unageuka, na msokoto wote unaishia gotini.

Wiki ya 2 na ya 3: moja na mbili. Zimekamilika.

Moja ni jebu, konde lililonyooka la mkono wa mbele; mbili ni konde la mkono wa nyuma. Jebu inatoka shavuni bila kurudi nyuma kwanza. Kiwiko kinatazama chini hadi karibu na mwisho, ndipo ngumi inageuka, kiganja kikatazama sakafu na bega likapanda kufunika kidevu. Mkono unarudi kwa njia ileile uliyopita. Hapo ndipo pa kukazia macho, kwani karibu kila anayeanza hupeleka mkono vizuri kisha akaurudisha kupitia kifuani, na uso unabaki wazi.

Kiwiko kikifunguka pembeni, simama ubavu wa kushoto ukikaribiana na ukuta na upige jebu taratibu; kiwiko kitaugusa ukuta chenyewe kila kinapokosea. Kidevu kikiinuka, bana soksi iliyokunjwa kati ya kidevu na kifua. Ikianguka, umeona.

Usinyooshe mkono hadi mwisho kabisa. Kwenye begi, begi ndilo linaloizuia ngumi; hewani kinachoizuia ni kiungo cha kiwiko chenyewe, na maumivu ya nyuma ya kiwiko yanaanzia hapo. Acha mkunjo mdogo mwishoni. Kwa sababu hiyohiyo vyuma vya kilo moja mikononi havimo kwenye ratiba. Tena uzito wa chuma unavuta chini wakati konde linakwenda mbele: unachochosha ni bega, na njia ya ngumi inaharibika.

Mbili inaanzia chini. Kisigino cha nyuma kinageuka nje, nyonga inafuata, kisha bega, mkono mwishoni. Pua isipite goti la mbele. Ikipita, umeangukia konde badala ya kulizungusha. Pumzi itoke fupi kwa kila ngumi. Anayeibana huchoka kabla ya dakika ya pili.

Wiki ya 4: huki. Imekamilika, kwa shida.

Huki ni konde la mkono wa mbele linalozunguka kutoka ubavuni. Kiwiko nyuzi 90, kipande cha mkono sambamba na sakafu, mguu wa mbele ukizunguka kwa ncha ya wayo. Ngumi iishie katikati ya uso wa mpinzani wa kufikirika. Ikivuka hapo, mwili mzima unageuka na mgongo unabaki wazi.

Mkono wa kulia ubaki umegandamana na shavu. Tarehe 8 Machi 1971, New York, Joe Frazier alimwangusha Muhammad Ali raundi ya 15 kwa huki ya kushoto, na huki hiyo hutua upande uleule ambao mkono wa kulia hulinda. Kama hata Ali alifikiwa, anayeanza hana sababu ya kuushusha mkono.

Wiki ya 5: kichwa. Inaendelea.

Funga kamba kimo cha bega. Pita chini yake kulia na kushoto kwa kukunja magoti, macho mbele. Anayeinamisha kiuno anatazama sakafu, na hapo haoni apakati, konde linalopanda kutoka chini. Kukwepa jebu ni kusogeza kichwa upana wa ngumi moja tu. Raundi sasa ni 4 za dakika 2: ya kwanza miguu, ya pili moja na mbili, ya tatu kamba, ya nne mchanganyiko.

Video ni sekunde 30 za mwisho wa raundi ya nne, si za mwanzo, kwa kuwa gadi hushuka mtu akichoka. Simu iwe kimo cha kiuno, umbali wa mita tatu, mara ubavuni, mara mbele. Hukaguliwa vitu vitatu: kidevu, mkono usiopiga, kisigino cha nyuma.

Wiki ya 6: bado.

Dakika 3 kamili, bila kujitazama kwenye kioo. Kila mchanganyiko umalizike kwa hatua ya pembeni. Anayebaki pale alipopigia anarudia raundi ya kwanza.